Wenge Musica waje, lakini waje kama bendi

Mhariri,

Tangu waimbaji JB Mpiana na Werrason waliposimama tena jukwaa moja Kinshasa, Juni 30, 2022, sisi wapenzi wa Wenge Musica BCBG tunaomba wafanye ziara wafike na huku. Nami naomba, ila kwa hofu.

Bendi ilipovunjika mwaka 1997, mashabiki nasi tuligawanyika. Huyu alimfuata Werrason na bendi yake mpya, Wenge Musica Maison Mère, yule akabaki na JB na BCBG yake. Watu walinuniana kwa ajili ya kaseti! Hata hivyo ugomvi ule ulizaa muziki mtamu, "Solola Bien" ukiwemo, na sitaki tuufute ili upatanisho upendeze.

Siogopi mvi zao. Naogopa kulipa kiingilio nikakute nyota wawili wanapishana jukwaani, kila mmoja na nyimbo zake na wapambe wake. Wenge niliyoipenda ni ile ya "Kala Yi Boeing": sauti zinapokezana, magitaa yanajibizana, sebene inakolea hadi hakuna anayekaa. Hiyo inataka mazoezi ya pamoja. Waandaaji watutajie mapema ni wanamuziki gani hasa watapanda jukwaani. Wakifanya hivyo, tiketi nitanunua siku ya kwanza.

Shabiki wa Wenge,
Dar es Salaam