Kipimo Kilichozikwa Chini ya Lami

Liko jambo ambalo kila mmoja wetu hupita juu yake asilione. Nasema juu ya maji yaliyo chini ya lami.

Watu wengi hudhani kwamba barabara huharibiwa na malori tu. Malori yana lawama yake, sikatai. Lakini udongo ulio chini ukiwa mkavu hubeba mzigo mzito bila taabu, na udongo ule ule ukinywa maji hulegea. Lami hubonyea, hupasuka, na shimo huzaliwa. Ndiyo maana wahandisi wa nchi kadha wa kadha huzika vipimo vya unyevu chini ya barabara, wapate kujua hali ya udongo pasipo kuifukua lami kila mara. Huko Marekani na Kanada, katika miaka ya 1990, ulifanywa uchunguzi mkubwa wa namna hii mahali 64. Kila mahali lilichimbwa shimo katika njia ya magurudumu, vipimo kumi vikapangwa humo kimoja chini ya kingine, na nyaya zake zikapitishwa katika mfereji hadi kwenye sanduku lililo kando ya barabara.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Fimbo za chuma huzikwa katika udongo, na umeme hupitishwa humo mara moja kwa ghafula. Katika udongo mkavu hupita upesi, katika udongo wa maji hukawia. Wanafizikia wana tarakimu ya kuonyesha tabia hiyo: ya hewa ni 1, ya udongo mkavu ni kama 3 hadi 5, na ya maji ni karibu 80. Kwa hiyo hata maji kidogo hayajifichi.

Basi hapa ndipo neno langu linapoanza. Kipimo kile hakipimi maji. Hupima muda, na sisi ndio tunaougeuza muda ule kuwa maji kwa hesabu. Mwaka 1980 Topp na wenzake wa Kanada walitoa hesabu moja inayofaa udongo wa aina nyingi, nayo hutumika mpaka leo. Lakini udongo mzito wa mfinyanzi hauifuati vizuri, kwa kuwa huyashika maji yake kwa nguvu. Tena ndio huo udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, adui mkubwa wa barabara zetu!

Chama chetu cha Sayansi kilijaribu jambo hili muhula huu kwa kipimo cha bei ndogo. Tulichukua udongo mwekundu wa kiwanjani na udongo mweusi wa mbugani. Tuliukausha wote katika oveni ya maabara kwa digrii 105 siku nzima, tukaupima kwa mizani, kisha tukatia maji sawasawa, gramu 200 kwa kila gramu 1,000 za udongo mkavu, tukaushindilia katika makopo ya ukubwa mmoja. Kipimo kikatoa tarakimu mbili mbalimbali. Mwenzetu mmoja akasema kimeharibika, akarudia mara tatu, na jibu likawa lile lile. Hakikuharibika. Ilitubidi kujaza makopo mengine, makavu na mabichi, na kuchora mstari wa kila udongo peke yake. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu, na nakiri kwamba ilichosha.

Sasa wako wasemao kwamba kiwanda kimekwisha kukilinganisha kipimo, yatosha. Mimi nasema kiwanda hakijauona udongo wetu. Tena mtu akikosea shambani, atakichomoa kipimo chake na kuanza upya. Chini ya lami hawezi. Fimbo zikiacha nafasi ya hewa, kipimo kitasema kukavu hali kumelowa. Shimo likijazwa ovyo bila kushindiliwa, maji yatakusanyika humo, na kipimo kitaeleza habari za shimo badala ya habari za barabara. Na kwa neno la kipimo kama hicho mkubwa mmoja ofisini ataamua malori yapite au yasimame! Akidanganywa upande huu, barabara imekwisha. Akidanganywa upande ule, pamba ya mkulima inalala ghalani bure.

Rafiki yangu mmoja hunicheka, husema fedha hizo zingechimba mitaro. Kwa mitaro yuko sawa, nayo itangulie. Lakini baada ya kuichimba atajuaje kama maji yameondoka chini, na si juu tu?

Kwa hiyo naona kwamba barabara yo yote itakayozikiwa vipimo, udongo wake upelekwe maabara kwanza, na siku za kazi hiyo zihesabiwe katika mkataba tangu mwanzo, si kuombwa kama hisani mwishoni. Wanaotaka kuona makopo yetu waje maabara Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Ila vifuniko visifunguliwe, maana maji yatakauka na itatubidi kuanza tena.