Risala ya Wanafunzi wa Biashara wa Heru Juu Kuhusu Huduma za Uandishi Vyuoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na vijiji,
Wazazi wetu, na wadogo zetu mlioko sekondari,



Sisi ni wanafunzi wa shahada za uhasibu, ugavi, masoko na utawala wa biashara tuliotoka Heru Juu na vijiji vya jirani, pamoja na wenzetu wa Kibondo walioomba sauti yao isikike humu. Tunasoma vyuo tofauti, Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na Mwanza. Hatutataja chuo cha mtu, kwa sababu tulipokaa kulinganisha tulikuta malalamiko ni yale yale. Mgeni Rasmi, tunakuomba risala hii uifikishe kwa wakuu wa vyuo na kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Heru hii ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeketi katika Bunge la Tanganyika enzi za kuelekea uhuru, hivyo kusema mbele ya wakubwa si jambo geni kwetu. Wazazi nanyi tunawaomba mvumilie, maana mahindi na maharage mliyouza kutusomesha yamo ndani ya habari hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, linalotusumbua ni uandishi. Darasani tunafundishwa mizania, kodi, manunuzi na takwimu, na walimu wetu wanajitahidi. Kuandika hatufundishwi, na huko ndiko tunakopimwa mwishoni: ripoti ya fildi, pendekezo la utafiti, kisha tasnifu. Mwaka wa kwanza lipo somo la stadi za mawasiliano. Ukumbi unajaa hadi wengine wanasikiliza wakiwa mlangoni, mhadhiri haoni daftari la mtu yeyote, na mtihani ni wa kuchagua herufi ya jibu sahihi. Baada ya hapo ni kimya hadi mwaka wa tatu.

Tueleze lililompata mwenzetu mmoja, kwa ridhaa yake. Alikwenda sokoni Kasulu kuwahoji wauza maharage kuhusu mitaji. Alikuwa na dodoso lenye visanduku vya kuwekea alama ya vema. Mama mmoja akamwambia aweke karatasi kando, akae. Akamweleza kwamba msimu wa kupanda huwakopesha wakulima mbegu kwa debe, na baada ya mavuno hurudishiwa debe na nusu. Benki haimnyimi usingizi. Anachohofia ni mvua inayonyesha wakati maharage yameanikwa. Akamwonyesha na hesabu zake, daftari la shule la mwanawe: majina kushoto, madebe kulia, mstari kwa aliyelipa. Majina mengine yalikuwa yamezungushiwa duara. Hao walikuwa wamefiwa, na msimu ule hakuwadai.

Mwenzetu alirudi chuoni na habari hiyo kichwani. Tasnifu yake ilipotoka, ilisema ukosefu wa mtaji ni changamoto kubwa kwa wafanyabiashara wadogo, ikataja maandiko kutoka Nigeria na India, ikaishia hapo. Daftari halimo. Duara halimo. Alikuwa amechukua desa la mwaka uliotangulia akabadilisha jina la mji. Hakuwa mvivu, Mheshimiwa. Hakujua habari ya daftari lile inaingia sura ya ngapi, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. 

Wasimamizi wetu nao wamebebeshwa wanafunzi wengi kupita kiasi, hilo tunalielewa. Lakini mtu anasubiri wiki nyingi, rasimu inarudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza: andika upya. Upya vipi? Hoja ndiyo mbovu, au Kiingereza, au ni mkato uliokosekana kwenye orodha ya marejeo? Tunaambiwa tufuate utaratibu wa APA, toleo la saba, lililotoka 2019. Ni wachache kati yetu waliowahi kuonyeshwa nakala yake.

Hapo ndipo steshenari zinapopata wateja. Mliowahi kufika karibu na chuo mmeona tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme: tunaandika propozo na risachi, tunachambua data kwa SPSS, tunapunguza asilimia za kunakili. Bei inapanda bumu linapoingia. Fedha ambayo Bodi ya Mikopo inaitoa kwa ajili ya vitabu na viandikwa, na ile ya utafiti, sehemu yake inaishia kwenye meza hiyo. Anayekaa nyuma ya meza mara nyingi ni mhitimu wa biashara kama sisi, ambaye hajapata ajira. Wakuu wa vyuo hawatapenda kulisikia hili: kwa wengi wetu steshenari ndicho kituo pekee cha uandishi tunachokijua, na kinafungwa saa nne usiku.

Biashara hii haikuanzia kwetu. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imewaonyesha vijana wa Kenya wanaoishi kwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayofanya kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa la jinai. Sheria ya namna hiyo hapa nchini hatutaipinga. Tunachosema ni kwamba uwezo wa kuandika Kiingereza cha kitaaluma umejaa Afrika Mashariki, kiasi cha kuuzwa nje, ila chuo hakijaona sababu ya kuulipia ili utufundishe sisi.

Akili unde tunaitumia, hatufichi. Inatoa kurasa safi kuliko za steshenari tena bure, na duara la yule mama hailijui.

Tunadai, kwanza kabisa, dawati la uandishi katika kila shule au kitivo cha biashara, kuanzia mwaka wa kwanza, lenye watu wanaoijua biashara. Mtu wa kusahihisha sarufi peke yake hatatusaidia, kwa sababu tatizo la mwenzetu wa maharage halikuwa sarufi. Gharama si kisingizio. Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani kina kituo cha namna hiyo tangu 1976, na sehemu ya kazi yake hufanywa na wanafunzi wanaowasaidia wenzao kwa malipo. Wahitimu walioko steshenari wanaweza kuajiriwa papo hapo. Dawati hilo lipatikane na kwa simu wakati wa fildi. Umeme wa gridi ya Taifa umefika Kasulu tangu 2022, na mwanafunzi aliyeko Heru Juu hana tena sababu ya kusubiri hadi arudi chuoni ndipo aulize.

Msimamizi arudishe rasimu ndani ya wiki mbili, na aandike kosa ni lipi. Daftari la fildi lipewe alama zake, ili alichokiona mwanafunzi kisipotee njiani. Na anayekamatwa kwa kunakili mara ya kwanza apitie kwenye dawati kabla ya kupelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

Dai la mwisho huenda likaonekana dogo. Kila tasnifu iliyokusanya habari kwa wananchi iwe na kurasa mbili za Kiswahili, zirudishwe kwenye soko, SACCOS au AMCOS ilikotoka. Mahakama zetu zimeelekezwa kwa sheria ya mwaka 2021 kutumia Kiswahili ili mwananchi aelewe hukumu yake. Mama aliyefungua daftari lake mbele ya mtafiti anastahili kujua kilichoandikwa kumhusu, na akikuta kuna uongo aseme. Atakayejua kwamba yule mama atamsoma, hatathubutu kuandika habari za Nigeria.

Kwa upande wetu tumekubaliana kwamba kila likizo tutakaa na wadogo zetu wa kidato cha tano na sita hapa katani, tuwafundishe kuandika aya moja yenye hoja. Tunaiomba ofisi ya kata itupatie chumba na ubao.

Majibu tunayaomba kwa maandishi kabla ya Julai, fildi inapoanza, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata ambapo wazazi wetu nao watayasoma. Yawe kwa Kiswahili.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa shahada za biashara,
Heru Juu, Kasulu