Chumba cha Gesti Kisigeuzwe Ukumbi

Bumu likitoka, kila mtu na mishe yake. Siku hizi wapo wengi humu chuoni wanaopiga picha za kulipwa, na baada ya mahafali na harusi, dili linalosakwa sasa ni la vyumba: gesti, loji, migahawa, nyumba za kupangisha kwa siku. Wenye biashara hizi wanataka picha za kuweka mtandaoni, na mwanafunzi mwenye kamera ni nafuu kuliko studio. Sasa linakuja swali la lenzi gani ya kununua, na jibu linalozunguka mabwenini ni moja tu: chukua iliyo pana kuliko zote, chumba kionekane kikubwa.

Napinga. Lenzi pana tunaihitaji, lakini ukiitumia kukuza chumba unamuumiza mgeni, unamuumiza mwenye chumba, na mwisho unajiharibia jina mwenyewe.

Tupige hesabu kidogo, haiumi. Lenzi hupimwa kwa milimita, na namba ikiwa ndogo inaona pana zaidi. Kwenye kamera yenye sensa kubwa, ile inayolingana na filamu ya zamani ya milimita 35, lenzi ya 35 inaona nyuzi kama 54 kwa upana, ya 24 inaona kama 74, na ya 16 kama 97. Kamera za wengi wetu zina sensa ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo namba ya lenzi unaizidisha: mara 1.6 kwa Canon, mara 1.5 kwa Nikon. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ukiiweka kwenye 18, kwa Canon inaona kama 29. Ndiyo maana kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi unajibana ukutani mpaka mgongo unachubuka, na kitanda bado hakiingii chote.

Haja ya lenzi pana ni ya kweli, basi. Tazama Mji Mkongwe, Zanzibar. Nyumba za kale pale dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mara nyingi mita tatu au pungufu. Leo nyumba kadhaa kati ya hizo ni hoteli. Ukitaka kurudi nyuma, nyuma kuna ukuta mnene wa mawe. Bila lenzi pana huna picha.

Shida inaanza ukishuka chini ya 20 kwa kipimo cha sensa kubwa. Lenzi ya namna hiyo huvuta vitu vilivyo pembeni. Mto ulio kwenye kona ya picha unarefuka kama godoro, meza ya duara inakuwa yai, na ukuta wa mbele unasogea huko mbali kana kwamba kati yake na kitanda watoto wanaweza kucheza rede. Mgeni ameiona picha hiyo akiwa Mwanza, amelipia, amepanda basi. Anafika, anafungua mlango, mlango unagonga kitanda. Hatajua habari za milimita zako. Atasema ametapeliwa, na atayaandika palepale alipoiona picha. Maneno makali atayapokea dada wa mapokezi, ambaye hata kamera hajawahi kuishika.

Najua utetezi wenu: “Mwenye gesti ndiye kanilipa, na anataka kikubwa.” Sawa, hela ni yake. Ila Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara, kwa hiyo unayemfurahisha leo unaweza kuwa unamtafutia kesi. Hata tukiiweka sheria kando, njia ya mwongo ni fupi. Picha humleta mgeni mara ya kwanza. Kurudi atarudi kwa sababu ya chumba. Gesti ikikosa wageni wa kurudi, mwakani haitakuwa na hela ya kukuita wewe.

Sasa ununue nini? Lengo lako liwe kuona kama 24, yaani 15 kwenye Canon yenye sensa ndogo na 16 kwenye Nikon. Canon wana 10-18 iliyotoka 2014, Nikon wana 10-20 ya 2017, zote zimetengenezwa kwa sensa hizi ndogo. Ila hiyo ya Nikon haielewani na baadhi ya kamera za zamani, ijaribu kwenye kamera yako kabla ya kutoa hela. Ukishaipata, kaa kwenye 15 au 16. Ile 10 iache kwa siku umebanwa kweli, na hata hapo usiweke kitu chochote cha maana pembeni ya picha.

Usimalizie bumu kwenye lenzi ya f/2.8. Kitanda hakikimbii. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, f/8, ISO 100, acha mwanga uingie hata sekunde mbili. Kamera iwe usawa wa kifua na isiinamishwe, kuta zitasimama wima. Kwa taulo zilizokunjwa vizuri, kikombe cha chai ya viungo au nakshi za mlango, 50 ya f/1.8 inatosha, na bei yake inavumilika.

Kabla ya hayo yote, simama mlangoni na 18-55 yako. Ukumbi wa mgahawa mara nyingi unaingia wote, na hapo huhitaji kununua chochote. Isipotosha, azima au kodi lenzi kwa siku moja kwanza.

Na kabla ya kukabidhi kazi, mwonyeshe picha mtu ambaye hajawahi kuingia chumba kile. Muulize kutoka kitandani mpaka ukutani ni hatua ngapi. Akisema tano na ukweli ni mbili, rudi ukapige upya. Kizuri chajiuza. Chumba kidogo kilicho safi, chenye chandarua kizima na feni inayozunguka, kina mteja wake, na mteja huyo anastahili kukiona kilivyo kabla hajatoa hela.