Posti Fupi Siyo "Bei Njoo Inboksi"

Leo naanza na sikukuu ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia, halafu nakuja kwenye biashara zetu.

Kule Ulaya, tarehe 21 Desemba ndiyo siku yenye mchana mfupi kuliko zote za mwaka. Paris siku hiyo mchana una saa 8 na robo tu. Jua linachelewa kutoka, linawahi kuzama. Mwaka 2011 Wafaransa wakaona badala ya kununia giza, waifanye sherehe. Kama siku yenyewe ni fupi, basi itumike kuangalia filamu fupi. Wakaiita Siku Fupi Kuliko Zote. Wajerumani nao wakaanzisha ya kwao, tarehe hiyohiyo. Hakuna pilau wala nguo mpya. Ni utani mtamu tu wa kusema kwamba kitu kidogo nacho kina heshima yake.

Kwetu Dar mambo ni kinyume. Tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku hiyo ndiyo mchana wetu unakuwa mrefu zaidi, kama saa 12 na nusu. Lakini muulize muuzaji yeyote wa mtandaoni kama aliiona ndefu! Krismasi imebaki siku nne, simu inaita, bodaboda yuko mlangoni, mteja wa Mwanza anauliza basi linaondoka saa ngapi. Muda hautoshi. Na mteja naye muda hana. Ndiyo maana nasema sikukuu hii inatuhusu sisi kuliko hata wenye filamu zao.

Nauza mashuka na mapazia, na posti za wenzangu nazisoma kila siku. Wengi tunaamini tunaandika kifupi. Picha ya shuka, halafu: "Mzigo mpya umeingia, bei njoo inboksi." Maneno sita. Fupi, sivyo?

Mimi nasema hapana. Hiyo ndiyo posti ndefu kuliko zote.

Hesabu mwenyewe. Mteja anaingia inboksi: "Habari." Unajibu: "Nzuri, karibu." "Naulizia lile shuka." "Lipi dada?" Anatuma picha. "Lile ni sita kwa sita." "Bei?" Unataja. "Mpo wapi?" Unataja. "Mnaleta Mbagala?" Hapo umeshatumia robo saa kwa mtu mmoja, na bado hajalipa. Wakiwa ishirini jioni moja, watano utawajibu kesho, na kesho watakuwa wameshanunua kwa mwingine. Maneno uliyoyabana kwenye posti umeyalipia mara kumi inboksi.

Huyo ni mteja aliyekuja. Kuna ambaye hakuja kabisa. Ana bando la kuungaunga, ana elfu thelathini mkononi, na anaona aibu kuuliza bei halafu akimbie. Mwingine anahisi unataka kwanza umwangalie picha yake ya wasifu ndipo umpangie bei. Wote wanapita kimyakimya. Hutajua hata kama walikuwepo.

Kwa hiyo ufupi usiupime kwa maneno uliyoandika wewe. Upime kwa muda anaotumia mteja mpaka aamue.

Mfano mzuri tunao kwenye simu zetu. Angalia ujumbe unaoingia ukipokea hela kwa simu. Mistari michache tu, lakini una namba ya muamala, kiasi, jina la aliyetuma, tarehe na saa, na salio lako. Hakuna anayepiga simu kuuliza "samahani, ni shilingi ngapi imeingia?" Ni kifupi na kimekamilika. Posti yako iwe hivyo:

"Shuka 6 kwa 6, pamba, foronya 2. Bluu na kijivu. Sh 35,000. Tupo Kariakoo. Dar tunaleta siku hiyohiyo, mikoani tunatuma kwa basi."

Mteja akisoma hapo, swali linalobaki ni moja: nalipia wapi? Na hilo ndilo swali tunalolitafuta.

Video nazo ni vilevile. Tarehe 28 Desemba 1895, hukohuko Paris, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière waliwaonyesha watu filamu kwa kiingilio. Zilikuwa filamu kumi, na hakuna hata moja iliyofika dakika moja. Wafanyakazi wanatoka kiwandani. Mtunza bustani anarukiwa na maji ya mpira wake mwenyewe. Basi! Watu walilipa kuangalia hivyo. Sisi leo video ya kuuza pazia inaanza na nembo inazunguka, muziki, "hello my people, mko poa?", na pazia lenyewe linatokea wakati mteja ameshahama. Anza na pazia. Lishike, livute, lionyeshe likiwa dirishani, taja bei. Salamu zitafuata.

Najua mtakaloniambia. La kwanza: "Nikiweka bei, washindani wataniangalia washushe." Ndugu yangu, mshindani anayetaka bei yako anaingia inboksi na kuuliza kama mteja, na unamjibu kwa heshima zote. Unayemficha kweli ni mteja. La pili: "Bei zangu zinabadilika, nategemea oda." Hilo nakubali. Fundi cherehani na mpika keki hawawezi kuwa na bei moja. Lakini mnaweza kuandika "kuanzia Sh 40,000". Mtu anajua aje au ajipange. La tatu: "Inboksi ndiko napata nafasi ya kumshawishi." Labda. Ila mteja aliyekuja akiwa anaijua bei huhitaji kumshawishi sana. Unamhudumia tu, na muda unaobaki unafungia mizigo.

Sisemi tuwe wakavu. Utani, salamu na "karibu tena mpendwa" ndivyo vinavyomfanya mteja akukumbuke. Ila viwe chumvi, siyo ugali.

Ombi langu ni hili. Desemba hii, tarehe 21, tuisherehekee sikukuu waliyoianzisha Wafaransa kwa namna yetu. Chukua posti moja tu, ile ya bidhaa inayokutoka sana. Andika upya: ni nini, saizi gani, bei gani, mko wapi, inamfikiaje. Kisha mpe mtu wa nyumbani asiyejua biashara yako aisome. Akiuliza swali lolote, jibu lake ndilo lililokosekana. Liongeze, ondoa mapambo, bandika.

Halafu uone inboksi yako usiku huo, wangapi wameuliza bei na wangapi wameomba namba ya kulipia.

Wewe unaweka bei au unaficha? Tuambie kwenye maoni, na sababu yako. Kwa kifupi, tafadhali!