Mchezo wa mtoto ni ajenda ya mtaa

KIBARAZANI
Na Mwantumu Salehe

Likizo ya Juni ikikaribia, magrupu ya WhatsApp ya watu wa umri wangu hujaa picha za zamani. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili. Mpira wa makaratasi ya nailoni uliokazwa kwa kamba. Wasichana wamechuchumaa kuzunguka kishimo cha mdako, viganja vimejaa vumbi. Chini ya picha huandikwa kwamba kama uliwahi kucheza hii basi umri umekwenda, na hapo maoni huanza kumiminika. Huyu anakumbuka rede, yule kombolela, mwingine embe bichi la chumvi na pilipili, au ubuyu uliokuwa ukiacha midomo na vidole vyekundu mpaka kesho yake. Haipiti saa, mazungumzo yamehamia kwa watoto wetu: hawana utoto hawa, wanajua simu na katuni tu, mti hawaupandi, jua hawaliwezi. Kenya nako ni hivyohivyo. Weka brikicho, bano na kati badala ya majina yetu, malalamiko yatabaki yaleyale.

Nina swali kwa wanagrupu wenzangu. Huyo mtoto asiyeijua kombolela alitakiwa akaicheze wapi, saa ngapi, na nani?

Maana kombolela haichezwi na mtu mmoja. Inataka watoto saba au wanane, wakubwa kwa wadogo. Inataka kona za kujificha, na muda wa kutosha hadi wa mwisho aonekane au awakomboe wenzake. Uwanja, muda na wenzake: hivyo vitatu mtoto hawezi kujinunulia. Viko mikononi mwetu watu wazima, na tumeviondoa kimoja baada ya kingine, kila mara tukiwa na sababu nzuri.

Tuanze na muda. Chukua mtoto wa darasa la tatu anayekaa Goba au Mbagala na kusoma shule ya kulipia upande wa pili wa jiji. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu dereva lazima awaokote wenzake kabla foleni haijakaza. Anarudi saa kumi na moja jioni, sare imechafuka kwa vumbi la basi wala si la uwanja. Akishaoga na kula zipo kazi za shule, na kwa wengine mwalimu wa tuisheni ameshakaa sebuleni anasubiri. Jumamosi tuisheni tena, Jumapili kanisani, au siku zote mbili madrasa. Mtoto huyu ana ratiba ngumu kuliko ya mkurugenzi wa benki, ila mkurugenzi analipwa.

Wenzake je? Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba watoto wa umri huo wanatakiwa kukua karibu na wazazi na jamii yao. Niliuunga mkono. Lakini mtoto aliyetolewa bwenini akaletwa kwenye nyumba ambayo geti limefungwa kwa komeo, baba na mama wanarudi saa mbili usiku, na mwenzake pekee ni dada wa kazi aliyezidiwa na vyombo na nguo, huyo amehamishiwa bweni jingine.

Uwanja nao una habari yake. Nyumba tunazojenga siku hizi zina ukuta, geti, na eneo lote la nje limetandazwa matofali ya pevingi ili matope yasiingie sebuleni. Panapendeza, panafagilika. Ila gololi inataka vishimo, na mdako unataka kishimo, na kwenye pevingi huchimbi kitu. Nje ya geti ni njia ya bodaboda. Kile kiwanja cha wazi cha mtaa kimeota fremu za maduka, gereji, au ukuta wa mtu ambaye hakuna aliyemwona akikinunua. Mkazi yeyote mkongwe wa Dar es Salaam anaweza kukuonyesha fremu ya duka iliyosimama pale alipofunga bao lake la kwanza la chandimu.

Wapo wanaosema basi, mchezo ni mchezo tu, mtoto asome kwanza. Hao nawaalika wakae chini watazame mdako ukichezwa. Msichana wa miaka minane ana vijiwe kumi ndani ya kishimo. Anarusha komwe juu, na kabla halijashuka amekomba vijiwe vyote nje kwa kiganja kimoja, kisha anadaka. Anarusha tena, anavirudisha vyote shimoni akibakiza kimoja. Kimoja hicho anakiweka pembeni, anaendelea hivyo mpaka shimo liishe. Mzunguko wa pili anatakiwa kubakiza viwili viwili, wa tatu vitatu vitatu. Sasa vijiwe kumi havigawanyiki kwa vitatu, na yeye anajua, kwa hiyo macho yake yanapiga hesabu wakati komwe liko hewani: nikishachukua mara tatu kitabaki kimoja, nikifanyeje? Wenzake wamemkodolea macho wakisubiri akosee, na akikosea hakuna wa kumwonea huruma. Hapo kuna kugawanya, kuna baki, kuna mkono na jicho kufanya kazi pamoja, na hakuna aliyelipia.

Na kuna elimu nyingine ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuifundisha, kwa sababu ikishakuwa na mwalimu haifanyi kazi. Katika rede, wawili wanarusha mpira, walio katikati wanakwepa. Kila baada ya dakika moja unazuka ubishi: umekugusa, haujanigusa, umegusa gauni tu. Hakuna refa. Wakibishana sana mchezo unakufa na jua linazama, kwa hiyo lazima wajifunze kusuluhisha haraka. Na yule mdogo wa miaka minne aliyeng'ang'ania kuingia anaruhusiwa akimbiekimbie katikati, akipigwa mpira hatoki, lakini haambiwi kwamba hahesabiwi. Watoto wametunga sheria hiyo wenyewe ili mdogo asilie na dada yake asiitwe nyumbani. Nawajua watu wazima wanaoshindwa kutunga sheria ya namna hiyo kwenye vikao vya harusi.

Sheria ya nchi yenyewe haijaukosea mchezo heshima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja wajibu wa mzazi inaiweka haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Ada tunaikopea, bima ya afya tunaihangaikia. Kucheza tumekuachia bahati. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne ashughulishe mwili wake kwa saa tatu kila siku, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Katika nyumba nyingi ninazozijua hesabu hiyo imegeuzwa juu chini. Katuni zenyewe sizilaumu. Zipo nzuri za kwetu, kama Ubongo Kids iliyoanza kurushwa hapa nchini mwaka 2014 na kuwafanya watoto waipende hisabati. Lakini hata katuni nzuri mtoto huitazama ameketi.

Sasa nije kwenye hofu, kwa sababu ndiyo jibu ninalopewa kila nikilizungumza jambo hili. Mama mmoja ananiambia: "Dada, siku hizi dunia imeharibika, siwezi kumwachia mtoto nje." Simcheki. Mimi pia ni mzazi, na nikisikia habari za watoto waliodhulumiwa silali. Lakini tuitazame hofu hiyo vizuri. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa na Serikali pamoja na UNICEF na wenzao. Ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliohojiwa, mwaka 2009, walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 24.

Piga hesabu. Hao ndio waliokuwa wakicheza kombolela na rede. Ndio wanaotuma picha za magari ya waya leo. Dunia haikuharibika jana. Tulichokuwa nacho zamani ni ukimya. Na mahali palipotajwa sana katika majibu yao hapakuwa uwanjani, palikuwa ndani ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo anayedhani komeo la geti limemaliza kazi ya ulinzi ajiulize nani yuko ndani ya hilo geti, nani anaingia na kutoka, na mtoto akitaka kusema atamwambia nani kama hamjui jirani hata mmoja kwa jina.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kilichotuwezesha kucheza nje hakikuwa usalama wa dunia wala uhodari wa wazazi wetu. Kilikuwa ni watu wazima waliokaa nje na waliojuana. Mama muuza vitumbua alikuwa anakujua wewe mtoto wa nani. Wazee wa bao walikuwa barazani tangu alasiri, na fundi cherehani alikuwa na jicho moja kwenye sindano na jingine njiani. Hakuna aliyeajiriwa kutulinda, lakini mgeni akisimama kuzungumza na mtoto, watu watatu wameshamwuliza anamtafuta nani. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na mikono ile ilikuwa mingi.

Sitaki kuipaka rangi enzi ile. Mikono hiyohiyo ilikuwa inachapa watoto wa watu bila kuuliza kosa, na mambo mazito yaliyotokea majumbani yalifunikwa ili ukoo usiaibike. Hayo yabaki hukohuko. Ninachokitaka kutoka enzi ile ni kimoja: jirani anayemjua mtoto wangu. Nyongeza yake ni ya leo: jirani asiyenyamaza akiona jambo baya.

Hilo halirudi kwa kutuma picha, wala kwa tamasha la michezo ya jadi ambapo watoto wanavalishwa fulana za mfadhili, wanacheza rede nusu saa mbele ya mgeni rasmi, wanapewa juisi na kurudishwa kwenye basi. Linarudi mtaani, na mtaani tunazo nyenzo tayari.

Tunachangia ulinzi shirikishi. Kila kaya inatoa fedha ili vijana wazunguke usiku kulinda televisheni zetu na mitungi ya gesi. Utaratibu huohuo, daftari hilohilo, vinaweza kupanga watu wazima wawili wakae nje kwa zamu jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi adhana ya magharibi. Hawahitaji kuchezesha wala kuamua ubishi. Wakae tu, wasuke nywele, wapige soga, waonekane. Njia moja ya mtaa ifungwe kwa benchi kwa muda huo, bodaboda wazungukie njia nyingine. Hapa Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likijenga matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule za msingi ili watoto wasigongwe, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Kazi iliyoshinda tuzo, kwa sehemu kubwa, ni tuta, alama ya barabarani na mtu wa kusema hapa watoto wanapita.

Uwanja nao unatafutika. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize, kwa maandishi, maeneo ya wazi kwenye ramani ya mipango miji ya mtaa wenu ni yapi, na sasa hivi yana nini juu yake. Unguja sikukuu za Idi zikifika, viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo hufurika watoto waliovaa nguo mpya, kwa sababu watu wazima waliamua kwamba siku hizo mahali pale ni pa watoto. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji kusubiri mwezi uandame.

Shuleni pia kuna la kufanya. Kwenye kikao cha wazazi huwa tunauliza wastani, nafasi ya mtoto darasani, na lini masomo ya ziada yanaanza. Aulize mmoja wetu mtoto wa darasa la pili anahitaji kurasa ngapi za kazi ya nyumbani, na mapumziko ya saa nne ni dakika ngapi. Walimu wengi wanatoa kazi nyingi kwa kuwa sisi ndio tunaolalamika daftari likirudi tupu. Na wewe unayejenga, bakiza kipande cha udongo kisicho na pevingi, hata cha upana wa mkeka.

Mkutano wetu wa mtaa una ajenda ya taka, ya maji na ya ulinzi. Mjumbe nimeshamwarifu kwamba nitanyoosha mkono kuomba ya nne. Nanyi nyoosheni kwenu. Ajenda yenyewe haina bajeti ya kumtisha mwenyekiti: watu wazima wawili, benchi moja, na saa moja na nusu ya jioni.