Bodaboda ya shule siku ya tope

Mvua ikinyesha Segese, vumbi la barabarani hugeuka tope, na asubuhi si ajabu kuona wanafunzi wamepakiwa mishikaki kwenye bodaboda moja. Mzazi, jaribu hili nyumbani pamoja na mwanao. Weka kipande cha mti juu ya ubao, kisha inua upande mmoja polepole. Mti utatulia kwanza, maana msuguano unaushikilia. Ukishaanza kuteleza, msuguano hupungua, nao hushuka moja kwa moja. Sasa paka ubao maji ya sabuni, urudie: utateleza mapema zaidi.

Tope jembamba hufanya kazi ya sabuni hiyo. Tairi likizunguka linaishika ardhi. Dereva akikanyaga breki ghafla gurudumu likagoma kuzunguka, pikipiki inakuwa kile kipande cha mti. Tena mwendo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, umbali wa kuteleza mpaka kusimama huongezeka mara nne, si mara mbili kama wengi wanavyodhani.

Kabla ya kumpandisha mtoto, tazama tairi la nyuma. Likiwa kipara, atafutwe dereva mwingine, au mtoto atembee, hata akichelewa namba.