Gari Bovu Halielezwi kwa Nomino

Mtaniwia radhi leo nikiliacha shairi kando kwa muda na kuingia gereji. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa lugha, ingawa umeanzia chini ya boneti ya gari kuukuu la dizeli.

Husemwa, na husemwa sana na wasomi wenzangu, kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba ufundi kwa kuwa hakina istilahi. Kundi la pili, ambalo nimo tangu nilipokuwa kijana chuo cha ualimu, hujibu kwa kukimbilia kuunda istilahi: nozeli iitwe hivi, pampu iitwe vile. Nasema makundi yote mawili yamepotelea mahali pamoja. Yote yanadhani lugha ya ufundi ni orodha ya majina. Neno dizeli lenyewe ni jina la mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepewa hataza ya injini yake mwaka 1893. Tumelitia irabu mwishoni, likawa letu. Majina tunayo, ya kuazima na ya kuzaliwa. Tunachokosa tufikapo kwa fundi ni sentensi.

Mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Nina Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, lita 2.8, silinda nne, isiyo na tabochaja wala kompyuta. Mwaka juzi ilianza kuniaibisha kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ile ipandayo kwa kona hadi Soni na kuendelea. Hupanda vizuri kwa muda, kisha hulegea taratibu, nikishusha gia nayo haisaidii, hata nikaegesha pembeni. Nikikaa dakika kumi na kuiwasha tena, huondoka kama haikuwa na lolote. Bondeni haina ugonjwa.

Basi nikaenda kwa fundi, kijana mwenye bidii. Mimi, niliyesahihisha insha za kidato cha nne kwa zaidi ya miaka thelathini na kuandika kwa wino mwekundu "fafanua zaidi" mara zisizo na idadi, nilimwambia nini? "Gari halina nguvu." Maneno matatu. Naye akanijibu kwa mawili: "Pampu, mzee." Pampu ikafunguliwa, ikapelekwa mjini kupimwa, nozeli zikabadilishwa zote nne. Nililipa fedha iliyozidi pensheni yangu ya miezi miwili. Safari ya kwanza ya kupanda mlima, gari likalegea palepale lilipozoea.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara nikisubiri lirudiwe na nguvu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikatunga ubeti:

Likipanda mlimani, kwa ghafula hulegea,
Likitua kivulini, nguvu zake hurejea,
Tumboni au shingoni, ni nini kinatokea?
Fundi, kwanza niulize, ndipo uje kulegeza.

Si ubeti wa kujivunia, na "kwa ghafula" nimeiweka kwa ajili ya mizani tu. Uongo huo nitaurudia. Lakini nilipousoma tena niliona kwamba mistari miwili ya mwanzo imesema kuhusu gari langu mambo ambayo sikumwambia fundi hata moja. Na iliyoyasema si misamiati. Ni hu- na -ki-.

Tazameni. "Gari limekosa nguvu" ni hali. "Lilipopanda mlima likakosa nguvu" ni tukio la siku moja, hadithi. "Likipanda mlima hukosa nguvu" ni kanuni: kila likitokea hili, hufuata lile. Ubovu ujao na kuondoka hauwezi kukamatwa ila kwa sentensi ya namna hii ya tatu, kwa sababu ukifika gereji haupo. Fundi hawezi kuuona wala kuushika. Katika gari lisilo na kompyuta, shahidi pekee ni dereva, na ushahidi wake wote umo katika viambishi viwili ambavyo mtoto wa darasa la nne anavijua. Halafu mtu ananiambia Kiswahili hakitoshi!

Nenda na vitenzi vyenyewe. Injini kuzima ghafla, kama taa iliyozimwa, si sawa na kufifia. Likizima ghafla kisha likawaka lenyewe, fundi makini ataanza na waya uendao kwenye solenoidi ya kukatia mafuta juu ya pampu, huenda umelegea. Likififia, atashuku kwamba mafuta hayafiki ya kutosha. Kusitasita ni jambo la tatu: hapo mara nyingi hewa imeingia katika mafuta, na lugha yetu imelirudufu shina la kitenzi kama injini inavyorudia kukwama. Kwa hiyo "kwa ghafula" ya ubeti wangu ingeweza kumpeleka fundi kwenye nyaya bure. Gari langu lilififia. Mizani ni nzuri, ila isitumike kutoa ushahidi.

Safari hii nilikwenda kwa fundi mwingine, mtu wa makamo, nikamweleza kwa sentensi kamili. Akaweka spana chini. "Mwalimu, likilegea, moshi hutoka wa rangi gani?" Nikamwambia hautoki wowote wa kuonekana. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moshi mweusi, alisema, maana yake mafuta yapo na hewa ndiyo haba, angefungua kwanza chujio la hewa. Mweupe ni mafuta yasiyoungua. Wa buluu ni oili. Lisipotoa moshi na likakosa nguvu, basi lina njaa. "Na ukifungua mfuniko wa tangi wakati huo, husikia hewa ikivuta?" Hapana. Aliuliza hilo kwa sababu tundu la kupumulia la tangi likiziba, pampu huvuta mafuta dhidi ya utupu, na mwisho hushindwa. Aliuliza pia kama kanyagio la mafuta hufika chini kabisa, kwani zulia lililokunjwa limewahi kumlaza njiani mtu mwenye injini nzima.

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikulijua. Katika injini hii pampu ndiyo inayonyonya dizeli kutoka tangini hadi kwake. Mpira ukipata ufa katika njia hiyo, injini inapofanya kazi haudondoshi kitu, unaingiza hewa. Ndiyo maana wengi hutazama chini ya gari, wakaona pakavu, wakasema mipira mizima. Yeye alifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya chujio na pampu, tukatazama. Mafuta yalipita bila povu. Hewa ikaondolewa katika kesi.

Akafunga dumu la dizeli safi nje ya kabati, mbali na ekzosi, akaunganisha mpira moja kwa moja hadi kwenye pampu, akiliruka tangi, na mrejesho akaurudisha dumuni. Tukapanda mlima uleule. Gari halikulegea. Pampu niliyoitengeneza kwa pensheni yangu haikuwa na hatia, na huenda haikuwa nayo tangu mwanzo. Tangi likashushwa. Mdomoni mwa bomba la kunyonyea mna kichujio kidogo, nacho kilikuwa kimevaa utando wa tope na vipande vya plastiki laini. Mlimani injini inapodai mafuta mengi, uchafu huvutwa na kuziba. Ukizima, mvuto hukoma, uchafu hudondoka, nguvu hurejea. Tumboni, basi, si shingoni.

Simlaumu sana kijana wa kwanza. Nilimpa nomino akanirudishia nomino. Nawalaumu wanaomfundisha kwamba kujua kazi ni kujua majina ya vipuri, na nawalaumu wenzangu wa kundi langu tunaoketi vikaoni kugombea neno la kuitia nozeli huku hatujawahi kumwomba mwanafunzi aeleze, kwa aya moja, jambo linalotokea mara kwa mara na lile linalolitangulia. Nilifundisha insha ya "Siku Nisiyoisahau" kila mwaka. Sikuwahi kufundisha insha ya jambo linalojirudia.

Siku hizi naweka daftari garini. Wiki hii nimeandika: asubuhi likiwa baridi hutoa moshi mweupe, huisha baada ya dakika tano, halisitisiti, jana, palipokuwa na joto, halikutoa. Jumatatu nitampelekea fundi ukurasa huo.